Pikipiki ya Bwana Mifugo

Tulisikia mlio wa pikipiki ya Bwana Mifugo ukishuka mlima kuelekea darajani, kama tulivyozoea kuusikia kila mara alipokuja kuchanja ng'ombe, halafu mlio ukakatika. Haukufifia, ulikatika tu. Mimi nilikuwa uani nikianua maua ya pareto, maana mvua ilikuwa imepita na nyingine ilikuwa inakuja. Mume wangu, ambaye alikuwa seremala, alikuwa na randa mkononi. Tulitazamana, kisha tukakimbia wote wawili, yeye akiwa bado na ile randa.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Tulikaa upande wa Gesima, kwenye mteremko unaoishia mtoni, na daraja letu lilikuwa magogo yaliyofunikwa udongo. Mvua ikinyesha, udongo ule uliteleza kama sabuni. Tulimkuta Bwana Mifugo, Mzungu kijana aliyekuwa akizunguka vijijini kuangalia magonjwa ya ng'ombe, ameketi kwenye nyasi ukingoni, mguu mmoja umepindia upande ambao mguu haupindii. Pikipiki yake ilikuwa chini, imekwama kati ya mawe, na gurudumu la nyuma lilikuwa linazungushwa polepole na maji.

Nilikuwa mkunga. Nilifunzwa kazi hiyo katika hospitali ya misheni kabla sijaolewa, na nilikuwa nikiitwa kwenda kuzalisha wanawake wa vilima vyote vya karibu. Mguu uliovunjika haukuwa kazi yangu, lakini hakukuwa na mtu mwingine. Mume wangu alileta mbao mbili nyembamba, nikaufunga mguu kwa leso yangu, na yule kijana akauma mdomo bila kulia. Wanaume wakamtengenezea machela ya miti wakampandisha hadi barabara kubwa. Alipokuwa akichukuliwa aliinua kichwa akaitazama pikipiki yake mtoni jinsi mtu anavyomtazama mbwa aliyemng'ata.

Kesho yake vijana waliivuta kwa kamba, wakaja kuilaza chini ya kibanda cha useremala, kwa sababu palikuwa na paa. Watu wakaanza kuja. Walikuja kutoka ng'ambo ya mto, wengine na watoto mgongoni, wakasimama mbali kidogo na kuongea kwa sauti ya chini kama watu waliofika kwenye msiba. Mimi pia nilisimama nao. Hapo awali nilikuwa nimeiona ikipita tu, yaani sikuwa nimeiona. Sasa ilikuwa imetulia. Taa ya mbele ilikuwa imepasuka, usukani umepinda, na gurudumu la mbele limekuwa kama yai. Lakini katikati, pale kwenye injini, vyuma vyembamba vilikuwa vimepangwa kimoja juu ya kingine kama karatasi za kitabu, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kimevunjika. Sikuelewa ni mkono wa namna gani ungeweza kutengeneza kitu kama kile. Nilimwona mume wangu akipitisha kidole juu ya vyuma vile, taratibu, kama apitishavyo kwenye mbao aliyomaliza kuipiga randa.

Bwana Mifugo alirudi mwenyewe baada ya majuma kadhaa, akitembelea magongo. Alimwambia mume wangu kwamba hataki kuiona tena pikipiki ile. Alikuwa ameahidiwa gari. Kama tunaitaka, atatuuzia, na bei aliyoitaja ilikuwa sawasawa na ya ndama jike tuliyekuwa naye zizini.

"Fikirini," alisema kwa Kiswahili chake cha shuleni. "Nitarudi siku ya soko. Msipotaka, nitawapa wenye kununua vyuma chakavu."

Ndama yule alikuwa ametoka kwa ng'ombe wa mama mkwe wangu, kwa hiyo neno lake lilikuwa zito. Mama mkwe alikaa nasi boma moja. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, Msabato wa kweli kweli, na aliniita Mokamwana, ambalo kwetu ndilo jina la mke wa mtoto. Alisikiliza habari ile akiwa anapepeta wimbi, na hakuuacha ungo.

"Kitu hiki kimemvunja mtu anayekijua," alisema. "Ninyi msiokijua kitawafanyaje?"

Jioni, tulipokuwa tukila, mume wangu akaniambia, "Nitakayeiendesha ni mimi, lakini atakayebebwa kwenda kwa wagonjwa ni wewe. Ukisema hapana, ni hapana. Sitakulaumu."

Ingekuwa rahisi zaidi kama angenishawishi. Alichofanya ni kuniachia uamuzi wote, kisha akaenda kulala, na mimi nikabaki nao.

Tukamwita fundi kutoka mjini Kisii. Alikuwa mtu wa kule chini ziwani, aliyekuja mjini kufanya kazi katika gereji, na alifika kwa baiskeli, nguo zimelowa umande hadi magotini. Alikunywa uji aliopewa na mama mkwe, akamshukuru, kisha akatandika gunia chini na kuanza kufungua. Kila alichokifungua alikiweka kwenye gunia kwa mpangilio. Nilishangaa jinsi vitu vingi vilivyokaa ndani ya kitu kimoja. Vilikuwepo vijiti, vibakuli vidogo, springi nyembamba kama unywele, na meno madogo madogo yaliyoumana bila kosa. Maji ya mto yalikuwa yameingia mahali fulani, akayamwaga, yakatoka na mchanga.

"Mama, hii injini ni nzima," alisema baadaye. "Nitasafisha tu. Lakini hizi vyuma za mbele zimepinda, zile zinashika gurudumu. Naweza kunyoosha kwa moto. Sasa, chuma ikishapinda mara moja, mimi siwezi kukuapia. Inaweza kukaa miaka, inaweza kukaa mwezi."

"Kama ingekuwa yako?" nilimuuliza.

Alicheka, akatikisa kichwa. "Kama ingekuwa yangu, ningeogopa na ningeinunua."

Halafu akafanya jambo ambalo hadi leo mkono wangu unalikumbuka. Alikuwa ametoa plagi, na pale ilipokuwa palibaki tundu dogo. Akaniambia niweke kiganja changu juu yake. Kisha akakanyaga chini kile chuma cha kuwashia, kwa mguu, polepole. Nikahisi pumzi. Ilikuja kwa nguvu, ikasukuma kiganja changu juu, kisha ikavuta ngozi yangu chini. Nikaondoa mkono kwa haraka. Nikaurudisha. Akakanyaga tena, na pumzi ikaja tena. Kitu kilichokuwa kimelala mtoni, kikapigwa na mawe, kilikuwa kinavuta hewa na kuitoa. Nilikuwa nimepokea watoto wengi mikononi, na kila mara nilinyamaza kusubiri ile pumzi ya kwanza. Siku ile pia nilinyamaza vilevile, na nikaona haya kidogo, kwa sababu kile kilikuwa chuma tu.

Fundi alikuwa bado anatusubiri tumjibu pale mtu alipofika akikimbia kuniita. Mwanamke wa mlima wa pili, ng'ambo ya mto, alikuwa na uchungu tangu alfajiri, na tumbo lake lilikuwa kubwa kupita kiasi. Nilichukua sanduku langu la bati, nikatoka.

Sitaeleza njia nzima. Tulishuka mtoni, tukapanda, tukashuka tena, na mvua ya mawe ikatukuta kwenye mashamba ya wazi, ikitupiga vichwani hadi tukajificha chini ya migomba. Majani yake yalichanika chanika mbele ya macho yetu. Njia nzima nilikuwa nikijiambia, basi, hili ndilo jibu. Mwanamke huyu atakufa kwa sababu ninatembea kwa miguu. Nilikwisha kuinunua ile pikipiki moyoni mwangu kwa hofu.

Nilipofika, nilikuta nyumba ina joto na moshi, na mwanamke ameketi ameegemea ukuta, anakunywa uji. Watoto wawili walikuwa wamelazwa pamoja kwenye ngozi ya mbuzi, wamefungwa nguo safi, wote wazima. Mama mkwe wake, kikongwe aliyeona kwa shida, alikuwa amewapokea kwa mikono yake mwenyewe.

"Umekuja kutazama?" aliniuliza kikongwe, bila ubaya.

"Nimekuja kutazama," nikamjibu.

Nilikagua kila kitu, na hapakuwa na la kurekebisha. Nikakaa pale nikiwatazama wale watoto wawili, mmoja amekishika kidole cha mwenzake, na mwili wangu wote ukapoa. Nikajiona mdogo. Dunia ilikuwa imeendelea kuzaa bila mimi, na bila gurudumu lolote.

Niliporudi nyumbani jioni, sababu yangu nzuri ilikuwa imekufa. Sikuweza tena kusema kwamba tunaihitaji ili kuokoa watu. Labda siku moja ingeokoa mtu, labda isingeokoa. Mama mkwe alikuwa jikoni. Aliniuliza habari za mgonjwa, nikamweleza, na akamshukuru Mungu. Kisha akageuka akanitazama.

"Mokamwana, sasa useme. Mnataka kumtoa ndama kwa ajili ya kile kitu. Mnakitakia nini?"

Nilifikiri nimdanganye. Nilikuwa na maneno tayari, ya wagonjwa na ya mvua na ya njia mbaya. Lakini nilikuwa nimechoka.

"Mama," nikasema, "niliweka mkono nikasikia kinapumua. Nataka kukiona kikitembea. Sina sababu nyingine."

Akasukuma kuni ndani zaidi ya jiko. Nilingoja anikemee. Nikaona mabega yake yanatikisika, na ikanichukua muda kutambua kwamba alikuwa anacheka.

"Ulipokwenda kwa mgonjwa," alisema, "nilimwambia yule fundi, na mimi niweke mkono. Akakanyaga." Akakiangalia kiganja chake kama mtu anayeangalia kama kimebaki na alama. "Mtoeni ndama. Ng'ombe atazaa mwingine."

Siku ya soko tulimuuza ndama tukamlipa Bwana Mifugo, na fundi akakaa nasi siku kadhaa. Alijenga moto wa makaa karibu na kibanda, mume wangu akamsaidia kushikilia vile vyuma vya mbele kwa koleo, na wakavinyoosha kidogo kidogo, wakivilinganisha kwa uzi wa seremala. Rimu waliigonga kwa nyundo ya mbao. Taa hatukuipata, kwa hiyo tukakubaliana kwamba haitatembea gizani. Siku ya kuiwasha, kibanda kilijaa watu hadi nje. Fundi alikanyaga mara kadhaa bila kitu, na watu wakaanza kuguna. Kisha ikakohoa, ikatoa moshi wa buluu, na ikaunguruma. Watu wakarudi nyuma kwa pamoja kama majani yanapopigwa na upepo. Kuku walitawanyika. Nilihisi mlio ule kwenye nyayo zangu, ukitoka ardhini. Hakuna aliyepiga makofi. Wanaume wakavua kofia.

Mume wangu alijifunza kwa kuanguka. Alianguka kwenye nyasi, kwenye viazi, na mara moja ndani ya ua wa jirani, akaomba radhi na kutengeneza ua. Fundi alipoona anaweza kusimama bila kuegemea kitu, akampa mkono na kwenda zake. Nami nikapanda nyuma, sanduku la bati mapajani, macho nimefumba. Nilipofumbua tulikuwa juu ya mlima. Vilima ambavyo nilivijua kimoja kimoja kwa uchovu wa miguu yangu vilikuwa vinageuka pamoja, mashamba ya wimbi na migomba na moshi wa nyumba, kana kwamba mtu ameishika nchi yote mkononi na anaizungusha ili niione pande zote. Nililia, na upepo ukayapeleka machozi masikioni.

Mama mkwe alisubiri hadi mavuno yakaisha. Halafu asubuhi moja akatoka amevaa nguo yake ya Sabato ingawa haikuwa Sabato, akasema anataka kupelekwa Nyaramba. Huko ndiko alikoolewa dada yake, na hawakuwa wameonana tangu mume wangu alipokuwa mtoto, kwa sababu njia ilikuwa ndefu na miguu yake ilikuwa mibaya. Mume wangu alijifunga naye kwa shuka kiunoni, mama mwenyewe akiomba afungwe, na wakaondoka mwendo wa pole. Mimi nilibaki, kwa hiyo yaliyotokea huko aliniambia mume wangu.

Dada yake alikuwa shambani. Alipomwona alikuja akitembea kwa fimbo, akamshika usoni kwa mikono yote miwili. Kisha dada akamuuliza umelala wapi njiani.

"Sijalala popote," alisema mama mkwe. "Asubuhi hii nimekunywa uji kwangu."

"Asubuhi hii? Kwako Gesima?"

"Kwangu."

Dada yake alilitazama jua, ambalo lilikuwa bado halijafika utosini, akamtazama mdogo wake tena, akaketi chini palepale kwenye mtaro wa viazi. Mama mkwe akaketi kando yake na nguo yake nzuri.

Tulikaa na pikipiki ile miaka kadhaa. Ilinifikisha kwa wanawake wengi, na mara nyingine nilikuta wamekwisha kujifungua salama, na mara nyingine sikukuta hivyo. Vile vyuma vya mbele havikupinda tena. Kilichochoka ni injini, na hapo mwisho mume wangu alimuuzia yule fundi wa ziwani, aliyekuja na rafiki yake kuisukuma hadi mjini. Mama mkwe aliwasindikiza hadi darajani, polepole, mkono wake mmoja ukiwa juu ya kiti.