Amahoro Kwanza, Mashine Baadaye

Redio yoyote iliyokufa Kasulu mwaka tisini na tisa, maiti yake ilipelekwa sokoni kwa Niyomwungere, na mara nyingi ilirudi nyumbani ikiimba. Hata watu wa Kibondo, wanaojidai wana mafundi wao, walileta za kwao wakiwa wameinamisha nyuso. Anayebisha akaulize. Niyomwungere alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia kwenye mihogo ya Heru Juu, na shule aliiacha darasa la sita kwa sababu, alivyosema mwenyewe, mwalimu alikuwa amebakiza machache ya kumfundisha.

Sasa, shirika moja la misaada pale mjini likatupa kompyuta zake za zamani nyuma ya ofisi. Watu waligombania maboksi. Niyomwungere akachukua kompyuta.

Zilikuwa kuukuu hasa. Moja ilisoma programu kutoka kwenye kaseti ya redio, huku ikilia kama paka aliyekanyagwa mkia. Aliiunga kwenye televisheni ndogo na betri ya gari.

"Baba Irakoze," mkewe Generosa akauliza, "hiyo kaseti si ile ya kwaya?"

"Ilikuwa ya kwaya. Sasa imesoma."

Herieth, binti wa Moshi aliyeletwa ofisini kufundisha makarani kompyuta, hakumcheka. Alimweleza kwamba huko duniani wapo watu wazima, wenye ndevu na mishahara, wanaopenda mashine kuukuu kama yeye, na kila mmoja ana ukurasa wake kwenye intaneti. Niyomwungere akataka wa kwake siku hiyohiyo. Basi Jumamosi, ofisi ikiwa tupu, Herieth akawa anamfundisha kuuandika. Kasulu intaneti hiyo haikuwepo. Ukurasa ungekaa kwenye disketi hadi Herieth aende likizo Dar es Salaam akaupandishe huko.

Ukakamilika. Lakini mashine hazikuonekana mbele. Kwao huingii nyumbani kwa mtu ukarukia moja kwa moja shida yako. Mbele kulikuwa na neno moja la salamu ya Kirundi, *Amahoro?*, yaani ni amani?, na kitufe cha kujibu. Ukibofya, unaulizwa habari za nyumbani. Kisha watoto, kisha wagonjwa, kisha shamba, kisha mvua: je, kwenu imenyesha? Mgeni akishasalimiana kiungwana, ndipo anaonyeshwa mashine.

Mkuu wa ofisi, Bwana Godson, aliingia kuchukua miwani yake akaukuta kwenye kioo. Akabofya, akabofya, akachoka.

"Fundi, salamu zote hizi za nini? Mzungu hana muda. Zitoe. Na haya makopo yatoe. Andika ulivyokimbia vita. Tutakupiga picha kambi ya wakimbizi Nyarugusu, umesimama mbele ya hema. Usicheke."

"Bosi, kwenye hema nimelala lini? Nina nyumba ya tofali."

"Nyumba ya tofali haimlizi mtu."

"Basi simama wewe. Sura unayo."

Herieth akainama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikupotea.

Godson hakucheka. Alisema kompyuta ni za ofisi, umeme ni wa ofisi, na Herieth ni wa ofisi. Akakaa mwenyewe, akanakili ukurasa kwenye disketi nyingine, akafuta salamu, akafuta mashine, akaliacha jina la Niyomwungere juu ya kisa cha kusikitisha alichokitunga hapohapo. Akamkabidhi Herieth.

"Kitakachopanda Dar ni hiki."

Siku ya safari Niyomwungere alimfuata Herieth stendi hadi ndani ya basi la Kigoma, likiwa linaunguruma.

"Dada Herieth, amahoro."

"Amahoro, fundi. Usinigombanishe na bosi, nakuomba. Kazi naihitaji."

"Sikugombanishi. Ya kwake ukitaka pandisha, ila jina langu lifute, uandike lake. Bora nisiwe na ukurasa kabisa kuliko kuwa na nyumba ambayo watu wanaingia kama ng'ombe."

"Lakini dunia nzima ingekujua, kaka."

"Ingemjua nani? Huyo wa kwenye hema mimi simfahamu."

Akamwekea mapajani disketi yake mwenyewe, ile yenye salamu, akashuka kwenye basi akipiga mluzi. Midomo ilikuwa imekauka, mluzi ukatoka upepo mtupu, lakini hakugeuka.

Wiki zikapita. Sokoni wakamtania kwamba ukurasa wake umeliwa na panya wa Dar. Akawajibu kwamba panya wa Dar wanachagua chakula. Wa Kasulu wasingeujua utamu wake.

Herieth aliporudi, aliingia kibandani kwa fundi na karatasi zilizochapwa. Juu kabisa: *Amahoro?*

"Na ya bosi?" Niyomwungere akauliza.

"Nimemwambia mwenye jina amekataa. Amenuna. Kunifukuza, hajanifukuza." Akafunua karatasi nyingine. "Na umepata barua. Mtu wa Finland, ana mashine ya kaseti kama yako. Anakusifu kweli. Ila analalamika kwamba alibofya vitufe vyote vile kabla hajaona kitu. Anaomba uweke njia ya mkato."

Akatoa kalamu. "Tumwekee?"

Niyomwungere akaweka chini redio aliyokuwa ameipasua kifua.

"Mwambie asante, na mashine yake nimeipenda. Halafu muulize mvua kwao imenyesha au haijanyesha, maana kubofya amebofya, lakini kunijibu hajanijibu."