Neno Boma Masikioni mwa Arsène

Arsène alizaliwa Kabondo, hapa Kisangani, katika nyumba iliyosema Kiswahili tangu asubuhi hadi usiku, kwa kuwa wazazi wake walitoka Maniema. Kilingala alichokijua kilikuwa cha kununulia mboga tu. Alipoingia jeshi la majini, bado kijana asiye na ndevu, hakuna aliyefikiri kwamba upungufu mdogo kama huo ungeweza kumwaga damu.

Walimpeleka Ziwa Tanganyika, ambako waasi walivusha silaha wakijifanya wavuvi. Akapewa bunduki ya rashasha iliyofungwa mbele ya mashua. Hazikupita wiki nyingi, rafiki yake Carlos akapigwa risasi ya shingo kutoka kwenye mtumbwi, kijiko cha maharagwe kikiwa bado mkononi. Arsène alimkumbatia mpaka damu ikaacha kuruka, kisha akairudia bunduki, akafyatua hadi mtutu ukamwunguza. Tangu siku ile, kila mtumbwi aliouona ulikuwa ule uliomuua Carlos.

Asubuhi moja ya ukungu wakakutana na mtumbwi uliojaa watu. Luteni aliyeongoza mashua alitaka kusogea kimya, asikie wanasema nini. Akamgeukia mshika usukani na kumwamuru kwa Kilingala, lugha ya jeshi: "Boma!"

Neno hilo lina mizigo miwili. Kuboma ni kuua. Kuboma ni kuzima pia, iwe taa, iwe injini. Mshika usukani alizima injini. Arsène alifyatua.

Ubavu wa mtumbwi ulipasuka vipande. Mwanamume mmoja alisimama, akalitazama tumbo lake kama mtu aliyedondosha kitu, akaangukia majini. Walipofika karibu walikuta nyavu na dagaa waliolowa damu. Silaha haikuwapo. Aliyebaki hai alikuwa mmoja tu, mzee aliyeng'ang'ania ukingo wa mashua yao akiwauliza kwa Kiswahili, lugha ya mama yake Arsène, wamewakosea nini. Luteni alimzaba Arsène kofi, kisha akaagiza kwamba habari ile isitoke nje. Haikutoka. Ilibaki ndani ya Arsène, hata baada ya kipande cha bomu kumvunja paja na jeshi kumrudisha nyumbani.

Mjomba wake, tonton Hubert, alimpa usukani wa mtumbwi wake mkubwa wa injini, uliobeba wafanyabiashara kati ya Yanonge na Kisangani. Lakini mtoni nako neno lilikuwa lilelile. Kila walipokaribia kutia nanga, mtu wa mbele alipiga kelele kwamba moteur, yaani injini, ibomwe. Siku ya kwanza Arsène aliposikia, alijitupa chini na kuuachia usukani. Mtumbwi ukagonga gati, abiria mmoja akapoteza meno mawili.

"Muzee ya vita," tonton alimwambia, "hapa vita hakuna. Ukirudilia tena, unashuka, unaenda kuuzisha mikate na mama yako."

Abiria walicheka. Arsène hakucheka. Kazi nyingine hakuwa nayo, na mguu ule haukufaa kubeba mizigo.

Basi siku moja, wakipanda mto kutoka Yanonge, tonton naye akiwamo, Fatouma, mwuza samaki wa kukaushwa, aliikosa simu yake. Ikapatikana ndani ya suruali ya kijana aliyekaa juu ya magunia ya mkaa. Ngumi zikaanza. Mtu akamshindilia kafi kichwani. Sikio likachanika likaning'inia. Wanaume wawili wakamlaza shingo juu ya ukingo, wa tatu akachomoa panga, na mtumbwi mzima ukaitika kwamba auawe: "Boma ye! Boma ye!"

Safari hii Arsène alilielewa neno vizuri kabisa. Alihisi kidole chake kikijikunja chenyewe kwenye mpini wa usukani. Angesema, nani angesikia? Akaizima injini.

Mto Kongo haumngoji mtu. Mkondo uliugeuza mtumbwi ubavu, wimbi likaingia, magunia yakaporomoka, mwenye panga akaanguka juu ya samaki wa Fatouma. Watu waliacha kumpiga mwizi wakamrukia Arsène. Ngumi moja ilimvunja pua.

"Kwa nini unazimisha?" mwenye panga alimfokea.

"Si mulisema boma?" Arsène alijibu, damu ikimjaa kinywani. "Bon, mi nimeboma moteur."

Injini ilikataa kuwaka. Makafi yakagawanywa haraka, na kwa kuwa mikono haikutosha, mwizi naye akapewa lake. Alipiga kafi jicho moja tu likiwa wazi, bega kwa bega na mwenye panga, mpaka wakapanda juu ya fungu la mchanga. Hapo akaruka, akapotelea kwenye matete bila hata kusema asante.

Fatouma akasema hasafiri tena na mwanajeshi mwenye wazimu. Wengine wakamwunga mkono. Walimtaka tonton Hubert amwache palepale mchangani.

Tonton aliitazama pua ya mpwa wake.

"Mwenye anataka kushuka, ashuke," alisema. "Mwenye kuendesha ni huyu."

Akampa Arsène kamba ya injini. Arsène aliivuta mara nyingi, hadi injini ikanguruma. Abiria waliokuwa wameshuka mchangani walirudi mmoja mmoja. Fatouma alipanda wa mwisho, akamtupia kitambaa cha kujifutia damu bila kumtazama, kisha akaenda kukaa mbele kabisa, mbali naye.