Mkono Nilioungoja Mlandege

Siku ninayoikumbuka mimi, mwanangu, siikumbuki nikiwa nimesimama. Naikumbuka nimelala chali kwenye vumbi la Mlandege, hapa Iringa, jua la alasiri limenikaa usoni, watu wamenizunguka wananitazama. Mguu wa kulia ulikuwa umegeukia upande ambao mguu haugeukii. Sikulia. Nilikuwa nangoja mkono.

Sefu Kidongo, aliyeniangusha, alisimama juu yangu. Nikamnyooshea mkono. Akautazama, akatema mate pembeni, akaniruka kama mtu anavyoruka gogo njiani, akaenda zake. Watu wakashangilia wakilitaja jina la Mzee Mgoyo. Jina la mwalimu wetu! Hilo liliniuma kuliko nyonga.

Sasa nirudi nyuma, maana wewe ulikuja juzi na mkono umefungwa kitambaa shingoni, ukaniambia, "Baba, Mzee Mgoyo alisema mwangushe, umwache." Siku ile hasira ilinizidi. Leo nakujibu. Shule sikukaa sana, kwa hiyo mwandiko wangu uuvumilie.

Mzee Mgoyo alikuwa mfugaji wa Rujewa. Miaka ile ya hamsini, kabla ya Uhuru, hakuna aliyecheza mieleka kutoka Mbeya mpaka huku kwetu asiyemjua. Mavuno ya mpunga yakiisha, majaruba yakikauka, watu walikuja kutoka mbali kumtazama. Na ukimwona, mwembamba kama ufito! Utadhani upepo utamchukua. Lakini simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Tulikwenda kwake vijana watatu: Sefu, mimi, na Lukasi wa Madibira. Tulitaka kujifunza kuangusha watu. Yeye masika nzima alitupeleka machungani na ng'ombe tu. Kule bondeni mvua zikishika ng'ombe hunasa topeni, basi kazi yetu ikawa kuwavuta. Sefu akachoka, akamwambia, "Mzee, tumekuja kujifunza mieleka au ukunga wa ng'ombe?"

Mzee alicheka mpaka akakaa chini. "Haya, fundi. Wewe ukinasa, utataka nikuchape au niingie?"

"Uingie."

"Basi ingia. Ng'ombe aliyenasa hapigwi. Unaingia topeni naye, unakaa chini yake, mnatoka pamoja. Asiyejua kuinua, nitampaje kuangusha?"

Ndipo akatupa sheria yake. Ukimwangusha mwenzako, wewe ndiye unayemwinua, na unampangusa vumbi la mgongoni kwa kiganja chako. Kabla hujampangusa, hujashinda, ngoma hailii. Na aliyeangushwa hajiinui mwenyewe. Akijiinua, amemnyima mwenzake ushindi na amemwita mtu mbaya mbele za watu. Wala mtazamaji haruhusiwi kumgusa. Wageni waliona ni mchezo wa watoto. Lakini nimeona watu waliokuja na chuki ya mashamba wakipangusana migongo, wakaondoka wanacheka.

Alipokuwa anakufa tulikuwa kitandani pake sisi watatu. Sauti ilikuwa imebaki kidogo, tukainama. Akasema, "Mwangusheni. Mkishamwangusha, mwinueni." Basi, akageukia ukutani. Sefu akatoka nje kwa waombolezaji, akasema kwa sauti kubwa, "Mzee ametuachia neno moja: mwangusheni!" Wanaume wakaitikia. Nilidhani ni uchungu umemkata maneno. Kumbe neno lilikuwa limeshakatwa.

Kwa nini? Kwa sababu Sefu hakupenda kuinama. Ndivyo alivyokuwa toka topeni. Akaanza kucheza mieleka Mbeya mjini, anaangusha na kuacha, na watu wa mjini wakampenda kwa hilo. Nikamfuata, nikamwambia mbele ya watu kwamba neno la Mzee lina nusu ya pili. Akanicheka. "Wewe ulikuwa unalia siku ile, masikio yalijaa machozi. Muulize Lukasi."

Nikamgeukia Lukasi. Lukasi alikuwa anamposa dada yake Sefu. Akatazama viatu vyake.

"Basi tukutane Mlandege," Sefu akasema. "Mwenye neno la Mzee ndiye atakayesimama."

Sasa unaelewa, mwanangu, kwa nini nililala pale. Nilisikia nyonga inatoka mahali pake. Lakini kama ningejikokota mwenyewe, ningekuwa nimekubali kwamba kuinuliwa si lazima, kwamba neno ni nusu. Nikakaa na nusu yangu kwenye vumbi. Na walioijua sheria, kwa kuijua, hawakunigusa. Lukasi alikuwa mstari wa mbele. Watu wakaanza kutawanyika, na yeye akaenda nao.

Uwanja ulibaki mtupu. Akapita mama mmoja muuza vitumbua, mgeni wa mambo ya mieleka, na beseni lake kichwani.

"Kamwene, kijana. Umekufa au unadeka?"

"Nangoja mkono, mama."

"Mkono wa nani? Na huu wangu ni mguu wa kuku?" Akatua beseni, akanishika kwapani, akaniinua huku akinitukana, akanipangusa mgongo kwa khanga yake. Hakumjua Mzee Mgoyo. Jina lake sikuwahi kuliuliza.

Mtaalamu wa viungo alisema nimecheleweshwa. Nikabaki na mguu huu unaouona. Sikuoa, sikuzaa; mwana ni wewe tu, unayeniita Baba kwa heshima. Wenzangu wa mieleka wakanipita njiani kama mti, maana aliyeangushwa hana neno. Jioni nakaa mlangoni na kikombe changu kimoja, nasikia watoto wa mtaani wakiangushana kule nyuma, na kila anayeanguka anaachwa. Sefu sasa ni mzee wa chama cha mieleka Mbeya, na ukutani wameandika jina la Mzee na ile nusu. Mkono wako umevunjwa na nusu hiyo, mwanangu, kama mguu wangu.

Basi shika haya. Ukimwangusha mtu, iwe kwa mwili, iwe kwa maneno, iwe baraza limekupa haki, usiondoke kabla hujainama. Ushindi wa kumruka mtu ni wizi. Nawe ukianguka, usimngoje aliyekuangusha kama nilivyomngoja mimi. Mshike yeyote apitaye, hata awe na beseni kichwani. Na ukisikia neno la marehemu linakatwa, sema siku ileile. Usitazame viatu.

Mungu aunge mfupa wako unyooke. Akupe nguvu za kuangusha na mgongo unaoinama, na siku utakayolala vumbini usikose mpitaji.

Mkono ukipona, nenda Madibira. Lukasi yupo, anachonga milango, dada wa Sefu ni mke wake, wajukuu wanamzunguka. Msalimie vizuri, ni mtu mzima. Kisha umuulize, hao wajukuu wakisikia: Babu, ulikuwa kitandani. Ulisikia "mwinueni", au hukusikia? Usiondoke mpaka ajibu.