Kikombe Kilichooshwa Mara Tatu

Kwanza nikiri ujinga wangu: mwalimu alipochelewa, nilimwigiza kaka yangu mbele ya darasa. Nikaosha kikombe cha hewa mara tatu, nikakinusa, nikageuza redio ya hewa ikatazama ukuta. Darasa zima hoi. Nikainama kama mheshimiwa.

Kaka ni fundi baiskeli, na ana skizofrenia, ugonjwa wa akili. Mwaka juzi aliacha dawa, na hakuna aliyeshtuka mpaka alipotoweka siku nne. Tulimkuta Dakawa, kwenye majaruba ya mpunga, miguu imechanika.

Habari za igizo zilifika nyumbani kabla yangu. Mama alikuwa jikoni na shangazi, aliyeshuka kutoka Kinole na kapu la machungwa.

"Nionyeshe," mama akasema.

"Nini, mama?"

"Ulichowachekeshea wenzako."

Nikaigiza, safari hii bila mbwembwe. Mama hakucheka, wala hakunyanyua mwiko.

"Hiyo ya kikombe kaanza lini?"

"Jumatatu. Redio jana. Na salamu amekata. Kila asubuhi namwambia 'shikamoo mzee wa spoku', ananijibu 'marahaba, toa pua kwenye chai yangu'. Wiki hii kimya."

Mama hutoka alfajiri kwenda sokoni, hayo hakuyaona. Mimi ndiye mchunguliaji wa nyumba.

"Majini hayo," shangazi akasema. "Mleteni kwa mtaalamu kule kwetu mlimani. Hospitali mtajiaibisha tu."

"Wifi, mwaka juzi nilificha aibu, nusura nimpoteze mtoto. Leo naenda naye mchana kweupe, tena tunapita katikati ya soko."

Tukamfuata kaka uani, anakotengenezea baiskeli. Gurudumu lilikuwa mapajani, halizunguki. Mama akamweleza tulichoona. Nikajiandaa kwa kofi.

"Zile dawa zinanilaza kama gogo," akasema polepole. "Nimeziacha." Kisha akanigeukia. "Na kikombe naosha mara nne, we msanii feki."

Sijawahi kufurahia tusi kiasi kile.

Sokoni watu walitazama. Mama akawasalimia mmoja mmoja, kwa sauti. Kliniki, daktari alimsikiliza kaka mpaka mwisho, akampangia dawa upya.

Tuliporudi, mama alinishika sikio, akasema: "Darasani, mchezo wa kumwigiza kaka yako umekwisha. Lakini hapa nyumbani, ukiona kikombe kinaoshwa hata mara mbili, hata kama nina wateja kumi mbele yangu, njoo sokoni uniigizie."