Breki za Nesi Adela

Siku niliyoripoti kazini katika karakana moja ya serikali pale Kayanga, mwaka 1978, nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mitano, nina mke na watoto wanne, na nilijiona fundi kamili. Kabla ya hapo nilikuwa nikitengeneza baiskeli za majirani uani kwangu kijijini Ndama, katikati ya kupalilia migomba na kuchuma kahawa. Nilivaa shati la kanisani. Spana zangu niliziweka kwenye kipande cha gunia, nikaamini nitaonyeshwa benchi na kuanza kusifiwa.

Mkuu wa karakana alikuwa Mhaya mrefu, mtu mzima, mwenye vidole vilivyoingiwa na grisi kiasi kwamba hata akinawa havikutakata. Aliitikia shikamoo yangu, akanionyesha baiskeli iliyofungwa mikungu mitatu ya ndizi, miwili ubavuni na mmoja juu ya keria.

"Ishushe mpaka kule bondeni, halafu uipandishe," akasema.

"Ina ubovu gani, Mkuu?"

"Ukirudi utaniambia wewe."

Ilinichukua karibu asubuhi nzima. Niliporudi, shati la kanisani lilikuwa limegandana na mgongo. Nikamwambia kuwa gurudumu la nyuma limepinda na linavuta kushoto, breki zinachelewa kushika, na stendi inagonga kisigino kila ukikanyaga pedali.

"Ungeikagua ikiwa imesimama hapa kivulini, ungeona nini?"

Nikafikiri kidogo. "Stendi tu, Mkuu."

"Basi vua hilo shati uanze kazi."

Ninyi mliozaliwa na kukuta bodaboda zimejaa stendi ya Kayanga, pengine hamwezi kuelewa baiskeli ilikuwa nini kwetu. Wakati huo Kyerwa haijawa wilaya, kote kulikuwa Karagwe, na mwaka ule ule vita na Uganda vilianza, malori yakaenda mpakani. Yaliyorudi yalikosa mafuta na vipuri. Kwa miaka mingi baada ya hapo wilaya nzima ilitembea kwa magurudumu mawili. Bwana shamba alikuwa na baiskeli, bwana mifugo naye, na tarishi aliyepeleka barua za ofisi vijijini. Wakulima walibeba juu yake magunia ya kahawa, mikungu, mabati, maharusi na wagonjwa. Ukikutana na mzee njiani ulishuka, ukamwamkia ukiwa umesimama chini, ndipo ukapanda tena. Na kwenye mlima, anayeshuka ndiye aliyempisha anayepanda, hata kama anayepanda ni mdogo wake. Hakuna aliyetufundisha hayo darasani.

Kazi yetu ilikuwa kuzihudumia baiskeli za watumishi. Nilijifunza upya mambo niliyodhani nayajua. Kunyoosha rimu, kwa mfano, yaani duara la chuma linaloshika tairi, hakufanywi kwa kuligonga. Unazungusha gurudumu polepole mbele ya jicho, unakaza spoki ya upande huu robo mzunguko, unalegeza ya upande wa pili, unazungusha tena. Mkuu alinikataza kuongea nikifanya kazi hiyo. Alisema spoki iliyokazwa vizuri ina mlio wake, na mtu anayeongea hausikii.

Lakini jambo alilolishikilia kuliko yote ni breki. Zilikuwa breki za fito, vyuma vyembamba vinavyotoka kwenye usukani hadi kwenye rimu, na mwishoni mwake vipande vya mpira vinavyobana. Vipande vya dukani viliadimika, kwa hiyo tulivichonga kutoka tairi kuukuu za malori. Mpira wa tairi ni mgumu. Usipoukwaruza kwa tupa, kisha ukaendesha baiskeli na kufunga breki mara nyingi hadi uizoee rimu, utateleza siku ya mvua. Ndiyo maana kila baiskeli ilikuwa na mstari wake kwenye daftari. Fundi aliandika alichotengeneza, akaishusha mwenyewe kilima cha nyuma ya karakana, na mwisho akaweka sahihi yake chini ya neno "Imejaribiwa".

Nilikuwa kazini mwaka wa tatu nilipoweka sahihi ya uongo.

Ilikuwa Ijumaa, na Jumapili yake binti yangu mkubwa alikuwa anapata kipaimara. Wageni walikuwa wameanza kufika nyumbani. Baiskeli ya mwisho mezani ilikuwa ya Nesi Adela, aliyekwenda vijijini kuchanja watoto. Watu wote wa Kayanga walimjua kwa sababu alikuwa mwanamke pekee aliyeonekana akipanda baiskeli kila siku. Alifunga kanga juu ya gauni lake la kazi, akafunga kisanduku cha chanjo kwenye keria, akaondoka. Wapo wazee waliosema haifai. Yeye aliwaamkia kwa heshima zote, akashuka kama inavyotakiwa, akapanda tena mbele ya macho yao.

Nilimchongea vipande vipya vya breki, nikavifunga. Nje manyunyu yalikuwa yameanza. Nikalitazama daftari, nikakitazama kilima, nikaweka sahihi.

Jumatatu asubuhi Nesi Adela alichukua baiskeli yake kuelekea Ihembe. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Mchana, mkulima mmoja aitwaye Silvesta aliingia karakana akiikokota baiskeli ile. Nilimfahamu kwa sura. Wazazi wake walihamia kutoka Rwanda, na shamba lake lilikuwa chini kabisa ya mteremko mkali wa njia ya Ihembe. Miguu yake ilikuwa na tope hadi magotini.

"Nesi ameanguka mlangoni kwangu," alimwambia Mkuu. "Aliona watoto wa shule mbele yake, akajitupa kwenye migomba ili asiwagonge. Nimempandisha hapo kwenye keria, nikamsukuma mpaka hospitali. Waitu, bwana wangu, breki hizi hazishiki. Anasema alizibana mpaka vidole vikafa ganzi."

Mkuu hakunitazama. Alichukua daftari, akalifungua juu ya benchi, akateremsha kidole hadi kwenye mstari wa baiskeli ile. Kidole kikasimama juu ya jina langu.

"Faustini, uliishusha kilima?"

Niliitazama baiskeli. Ufito mmoja wa breki ulikuwa umepinda kwa kuanguka. Ningeweza kusema nilijaribu, breki zilishika, ufito umepindia huko huko. Hakuna ambaye angejua. Nilikuwa na watoto wanne, na wakati ule kuachishwa kazi ya serikali kwa uzembe ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Silvesta alikuwa bado amesimama mlangoni, tope linamkauka miguuni.

"Sikuishusha, Mkuu," nikasema. "Nilisaini tu."

Akafunga daftari. "Vaa viatu vyako. Tunakwenda hospitali, na utayasema maneno hayo hayo mbele yake."

Nesi Adela alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa kifuani. Alikuwa amevunjika mfupa wa mtulinga, na shavu moja lilichubuka vibaya. Mkuu alimpa pole, akarudi nyuma hatua moja, akaniacha peke yangu mbele. Nilisema nilichofanya. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

Aliniangalia sana. "Umekuja mwenyewe, au umeletwa?"

"Nimeletwa, Nesi. Lakini kusema, nimesema mwenyewe."

"Wale watoto niliwachanja mwaka jana," akasema. "Ningewagonga." Akageuzia uso ukutani, na mimi nikabaki nimesimama na kofia mkononi. Baadaye, bila kugeuka, akasema, "Nikipona nitaipanda baiskeli hiyo hiyo. Lakini utaishusha mteremko wa Ihembe wewe kwanza, nami nitakuwepo kukuangalia."

Nilipewa barua ya onyo, na kwa miezi sita sikuruhusiwa kuweka sahihi. Kila nilichotengeneza kilijaribiwa na fundi mwenzangu, na watu wote wa karakana walijua kwa nini. Niliona haya kila siku ya miezi ile. Hata hivyo sikufukuzwa.

Mkuu hakuishia kwangu. Alikwenda kwa afisa wa barabara na kumwambia kwamba mteremko ule utaua mtu hata breki zikiwa nzima. Nilikuwa naye siku hiyo, nimesimama nyuma.

"Barabara ile ilipimwa kwa ajili ya magari," afisa akasema.

"Wiki hii yamepita magari mangapi?"

"Moja."

"Na baiskeli?"

Afisa alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshindwa hoja bila kukasirika. Kesho yake alikuja na kamba na vigingi, tukateremka naye kwa miguu. Alituonyesha kuwa njia ya baiskeli ingeweza kupita kando ya barabara, ikijipinda mara nne badala ya kwenda moja kwa moja, ili mtu ashuke bila kukimbizwa na uzito wake. Tatizo ni kuwa kona mbili zingeingia kwenye shamba la Silvesta.

Tulikwenda kumwomba tukitarajia mabishano. Silvesta alitembea kwenye mstari wa vigingi, akahesabu migomba itakayoondoka. Ilikuwa kumi na moja.

"Naomba nivune kwanza hii miwili yenye mikungu," akasema. "Mingine kateni hata leo."

Wanakijiji walichimba kwa Jumamosi kadhaa, nami sikukosa hata moja. Chini, palipokuwa na kijito, tulijenga kivuko cha magogo ya mikaratusi. Hapo nilikuwa na la kusema, kwa sababu vivuko vingi vilijengwa kwa kulaza magogo kufuata njia, na gurudumu la baiskeli likiingia katikati ya magogo mawili linanaswa na kumtupa mtu majini. Niliomba yalazwe kukingama njia, yabanwe kwa misumari mirefu, na juu ienezwe changarawe. Afisa akakubali. Yalikuwa maneno yangu ya kwanza kusikilizwa na mkubwa tangu siku ya daftari.

Nesi Adela alirudi kazini mkono ulipopona. Alikuja karakana asubuhi yenye mvua, na nadhani aliichagua. Tukaongozana hadi juu ya mteremko, mimi nikiisukuma baiskeli, yeye akitembea pembeni na mwavuli. Niliishusha njia mpya, nikafunga breki kwenye kila kona, nikavuka kivuko, nikaipandisha tena hadi alipokuwa, pumzi zikiniishia.

"Sasa nipe," akasema. Akapanda, akaenda zake Ihembe kuchanja.

Baada ya hapo hatukulizungumza tena jambo lile, ila kila Krismasi alituma nyumbani kwangu chane ya ndizi za kuiva, nami nilimpelekea kahawa. Mkuu alipokaribia kustaafu nilipata ujasiri wa kumuuliza kwa nini hakunifukuza.

"Ningeletewa fundi mwingine ambaye bado hajakosea," akasema, "na nisingejua atasema nini siku akikosea. Wewe nilishakujua."

Katikati ya miaka ya themanini nilihamishiwa upande wa Nkwenda, ambako Katibu Tarafa alikuwa ameomba fundi kwa sababu watumishi wake walikuwa wakisukuma baiskeli mbovu hadi Kayanga. Nilifanya kazi peke yangu kwenye chumba kimoja cha bati. Daftari nililichora mwenyewe kwa rula. Katibu Tarafa alikuwa mtu wa haraka, na mara moja alitaka achukue baiskeli yake kabla sijaishusha kilima. "Mimi ndiye mkubwa wako hapa," akanikumbusha. Nikamwambia ni kweli, na kwamba kwa sababu hiyo hiyo nisingependa nimzike. Alisubiri. Toka siku ile, kila alipoleta wageni wa serikali aliwaonyesha kwanza ghala la tarafa, kisha chumba changu.

Huko ndiko nilikoanza kuwaona wanawake wengine juu ya baiskeli, mmoja mmoja. Alianza mwalimu, akafuata bibi maendeleo, kisha wake za wakulima waliopeleka maharage gulioni. Niliwateremshia viti na kuwafungia vikinga cheni ili kanga zisinaswe, nikawafundisha kujaza upepo na kubandika kiraka. Sidhani nilifanya kazi yenye furaha zaidi ya hiyo.

Nilistaafu mwishoni mwa miaka ya tisini nilipotimiza miaka hamsini na mitano. Nilirudishwa Kayanga kwa ajili ya kuagwa. Walinipa soda, hotuba mbili na baiskeli mpya nyeusi, nikaipanda kwenda nyumbani Ndama. Mke wangu, Paulina, alikuwa akimenya ndizi mlangoni. Aliizunguka baiskeli, akaigusa kiti.

"Miaka yote hii umewapandisha wanawake wa watu," akasema. "Mimi hujaniuliza."

Alikuwa amenipelekea chakula kazini, amelea watoto nikiwa Nkwenda, ametembea kwa miguu hadi sokoni na kurudi na mzigo kichwani, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumuuliza.

Tulianza Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, kwenye uwanja wa mpira wa shule. Alikuwa na miaka hamsini. Nilishika kiti nikakimbia nyuma yake, naye akanikemea nisimshike sana, kisha akanikemea nilipomwachia. Alianguka mara tatu. Wanakwaya wenzake walikaa pembeni ya uwanja, mwanzoni wakicheka, baadaye wakimhesabia mizunguko. Jumapili ya nne aliuzunguka uwanja wote bila kuweka mguu chini.

Siku ya soko alifunga kikapu chake kwenye keria mapema asubuhi. Nilimwambia nitamsindikiza kwa miguu hadi barabarani. Tulipofika akapanda, akayumba kidogo, akakaa sawa. Nilianza kumwambia apunguze mwendo kwenye kona, nikanyamaza. Alikuwa ameshanizidi hatua ishirini, mgongo umenyooka, anamwitikia shikamoo mtoto mmoja wa jirani bila kugeuza kichwa. Nilisimama pale namshukuru Mungu kwa kazi niliyopewa na kwa watu waliovumilia nijifunze, mpaka akapotea nyuma ya migomba.