Mafuta ya Kondoo Kwenye Mtori wa Mume Wangu

Nimemkosea mume wangu, na nimemkosea kwa mikono hii hii aliyokuwa akiisifu kwa kupika. Jina langu msiniulize. Nakaa Levolosi, hapa Arusha, na usingizi umenihama.

Mume wangu, Baba Neema, anauza vipuri vya magari. Serikali iliporuhusu biashara huria na magari ya Japani yakaanza kumiminika, naye mambo yakamnyookea. Akanenepa, akaota kitambi, na mimi nikatembea mtaani kifua mbele. Kitambi cha mume si ndiyo sifa ya mke? Asubuhi supu ya utumbo, jioni nyama choma.

Halafu akaanza kuhema kwa kupanda kilima kidogo tu. Tukaenda hospitali, akapimwa damu. Daktari akatuketisha wote wawili.

"Mzee, lehemu imezidi kwenye damu yako. Ni mafuta hayo, yanaganda kwenye mishipa, siku moja yataiziba. Nyama ya mafuta basi, samli basi. Tembea, na dawa umeze kila siku. Na wewe mama, jiko ni lako. Nakukabidhi huyu."

Nakukabidhi huyu! Maneno hayo yananichoma mpaka leo.

Baba Neema alitii kuliko nilivyotegemea. Akawa anakwenda dukani kwa miguu. Akala mchicha wa kuchemsha, maharage, samaki, bila kulalamika. Kitambi kikayeyuka, suruali zikaanza kumvuka. Mwenyewe anacheka: "Mama Neema, najisikia mwepesi kama kijana!"

Mtaa nao ukaanza.

Mnajua siku hizi mtu akikonda anavyohukumiwa. Hakuna anayeuliza, kila mmoja jibu analo: ni ukimwi. Nikifika bombani, wanawake wananyamaza. Jirani mmoja akanishika mkono, eti ananihurumia. "Pole, shoga yangu. Na wewe umeshapima?"

Kupima nini, jamani! Nilirudi nyumbani na ndoo tupu.

Mama mkwe naye akaja kutoka Kikatiti. Nikampa shikamoo, hakuitikia. Alikuwa anamwangalia mwanawe.

"Nilikupa mwanamume, wewe unanirudishia ufito! Unampa nini humu ndani?"

Nikamweleza habari za daktari.

"Daktari! Tangu lini mafuta yakamuua Mmeru?" Akatoa kopo kwenye kikapu chake. Mafuta ya kondoo, yale tunayopewa tukijifungua ili turudishe nguvu. "Mtilie kwenye mtori wake wa ndizi. Si lazima ajue."

Simlaumu mama. Kopo lile ningeweza kulimwaga. Daktari alinikabidhi mimi, hakumkabidhi yeye. Lakini nilichoka kutazamwa, nikaona aibu yangu ni kubwa kuliko ugonjwa wake.

Nilianza na kijiko. Baadaye upawa.

"Mtori wa leo mtamu! Umetia nini?"

"Ndizi za nyumbani hizo, Baba Neema."

Akaomba bakuli la pili. Kopo likiisha, mama analeta jingine. Mashavu ya mume wangu yakarudi, na salamu za majirani zikarudi. Mungu anisamehe, nilifurahi! Siku ya kwenda kupimwa tena ilipofika, mimi ndiye niliyemwambia, "Ukajisumbue nini, na wewe ni mzima?"

Akaanguka asubuhi moja akinyoa ndevu. Nilisikia kishindo, nikamkuta sakafuni, povu la sabuni shavuni, mdomo umekwenda upande. Anataka kuniita, jina halitoki. Kiharusi!

Hospitalini daktari yule yule akaniuliza, "Masharti aliyafuata?"

Mama mkwe alikuwa pembeni yangu, ameinamia sakafu. Nikasema, "Ndiyo, daktari. Yote."

Nikasema hivyo! Mume wangu amelala pale hajui mkono wake wa kulia uko wapi, mimi natetea heshima yangu.

Tukarudi naye nyumbani, anaburuta mguu, anaongea kama mtu mwenye tonge mdomoni. Nilidhani adhabu yangu itakuwa kumwogesha na kumlisha. Kumbe mbaya zaidi ilikuwa njiani. Siku moja nilimpa dawa zake, akazipiga kwa mkono mzima zikatawanyika.

"Za... nini? Nilifuata yote. Nikaanguka. Lete nyama... nife nimeshiba."

Nikambembeleza, akakataa. Kesho yake akakataa tena. Angekubalije, na anaamini masharti hayakumsaidia kitu? Hapo ndipo nilipoona kwamba uongo wangu bado unaendelea kumuua, tena mchana kweupe, mbele ya macho yangu.

Nikapiga magoti kando ya kitanda. Nikamwambia yote: majirani, mama, kopo, ndizi za nyumbani, na jibu nililompa daktari.

Hakupiga kelele. Alinitazama mpaka nikatamani anipige. Kisha akasema, "Wewe?"

Neno hilo moja alilitamka sawasawa.

Kwa daktari nilirudi pia, nikasema ukweli. Baba Neema ameanza tena kumeza dawa, namshukuru Mungu. Ila amemwita dada yake aje ampikie. Nikiingia na chakula nilichopika mimi, hata maji ya kunywa, anageuza uso ukutani. Nimeomba msamaha mpaka sauti imenikauka. Wachungaji wamekuja, wazee wa ukoo wamekuja. Anawasikiliza, kisha anafumba macho. Nifanye nini mimi?

Wanawake wenzangu, na nyie wanaume mnaouguza wake zenu, nawasihi! Mgonjwa wako akikonda kwa masharti ya daktari, mwache akonde. Mtaa useme mpaka uchoke. Yule aliyeniuliza kama nimepima amehama zamani, sijui hata anaishi wapi. Aliyebaki ni mume wangu, chumba cha pili, ana njaa, dada yake hajarudi sokoni, na hataki kula mkononi mwangu.