Maji ya Mgeni

Selpha Anyango alizaliwa Dunga, ufukweni mwa ziwa, akakulia kwenye magamba ya samaki na makelele ya wanunuzi, na maisha yake yote hakujifunza kuongea kwa sauti ya chini. Akiomba kanisani, hata waliosimama nje dirishani waliitikia Amina pamoja na wengine. Joram alimwoa akamleta upande wa Katito, na huko ndiko alikopata kazi iliyowachekesha watu wa kwao: kuteka maji ya visima na kuyapeleka Kisumu yakapimwe.

"Yapimwe?" mamake alimwuliza. "Kwani yameugua?"

"Ndiyo tunataka kujua, Mama."

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini ikielekea kwisha. Juu ya kilima watu walikuwa wamechimba mashimo ya dhahabu. Mchanga wake waliuosha kwa zebaki, dawa nzito inayong'aa kama omena, wale dagaa wa ziwani, wakianikwa juani, na hofu ilikuwa kwamba sumu hiyo ingeteremka chini kwa chini hadi kwenye visima. Basi kila mwezi Selpha alizunguka chini ya kilima na kikapu chake, akaenda mjini na chupa zilizobandikwa majina ya wenye visima.

Kisima kilichokuwa karibu kabisa na mashimo kilikuwa cha Milka, mjane mwenye mdomo mtamu na mkono wa kutoa. Marehemu mumewe, baba Opiyo, alikichimba mwenyewe kwa jembe na sururu. Wajukuu wa Milka walikunywa hapo. Kila Selpha alipokiona, aliomba kimoyomoyo, Bwana, kilinde hiki.

Na Milka alimpokea vizuri mno. Chupa tupu Selpha alimwachia mapema, na siku ya kuichukua aliikuta imejaa, imefutwa vumbi, imekaa juu ya kigoda kama bibi harusi. Kando yake chai ya maziwa na viazi vitamu.

"Karibu, nyar Dunga, binti wa ziwa. Keti. Jua hili litakumaliza bure, maji nimeshakutekea."

Selpha aliketi, akanyoosha miguu, akamshukuru Mungu kwa watu wenye huruma.

Siku moja kule Kisumu, Bwana Kangethe, mpimaji wa maji, akamwita huku anatabasamu.

"Mama Selpha, hebu niambie. Hiki kisima cha Milka kiko chini ya ardhi ama kiko mawinguni?"

"Wewe nawe! Umeona wapi kisima cha mawinguni?"

"Ni kwa sababu majirani zake wote maji yao yana chumvi ya udongo. Yake hayana hata chembe. Mama, haya ni maji ya mvua."

Selpha alicheka. Kisha kicheko kikamkauka. Ikiwa yale hayakuwa maji ya kisima, basi miezi yote hiyo hakuna aliyejua wale watoto walikuwa wakinywa nini.

Kesho yake alifika kwa Milka bila hata kupiga hodi.

"Milka, dada yangu, maji ya chupa unayatoa wapi?"

"Kwa mtungi," Milka akajibu bila wasiwasi. "Ya mvua, yaliyotulia, yaliyopoa."

"Na kisima je?"

"Yule anayeyapokea Kisumu si mgeni wangu? Nimpelekee maji ya ndoo yenye vumbi? Mama mkwe wangu angetoka kaburini anichape!"

Selpha akashindwa kukasirika. Katika nchi ile ni nani asiyejua kwamba maji ya mgeni ni ya mtungini? Hata yeye angefanya vilevile.

"Lakini Kangethe hayanywi, Milka."

"Hayanywi?"

"Anayatia dawa, akishaona rangi yake, anayamwaga."

"Anamwaga!" Milka akajishika kichwa. "Mimi namchagulia mazuri, yeye anamwaga! Huyo kijana alilelewa na nani?"

Wakacheka hadi kuku wakatawanyika. Lakini Selpha aliposhika kamba ya ndoo, Milka akamshika mkono. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Na wakiyakuta mabaya? Watakifunga. Baba Opiyo aliniachia hicho tu. Nitabaki na nini chake?"

"Utabaki na wajukuu wake," Selpha akasema.

Milka akauachilia mkono. Akaishika kamba naye, wakateka pamoja. Siku za kungoja majibu, watoto walinyweshwa maji ya mtungi, na mara mbili Milka alionekana akipiga magoti kando ya kisima.

Selpha aliporudi kutoka Kisumu, alianza kupaza sauti tangu njia panda.

"Chumvi iko! Udongo uko! Zebaki hakuna! Lakini Kangethe anasema tusilale, tupime kila mwezi, mashimo bado yako palepale!"

Milka akapiga kigelegele. Akavuta ndoo, akawanywesha wajukuu mmoja mmoja, akanywa naye, akajifuta kidevu kwa leso.

"Sasa sikia, nyar Dunga. Mwezi ujao uteke wewe mwenyewe. Mimi nitakaa jikoni nikupikie. Mkono wangu huu ukipewa chupa ya mgeni, utakwenda kwa mtungi tena, naujua."